Dripu ya Ujana na Umri wa Mama Ndinda

Nyinyi vijana mnaoingia maabara siku hizi na makoti meupe yaliyopigwa pasi, nisikilizeni kidogo. Nimetoa watu damu miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote swali gumu halikuwa "Unaumwa wapi?" Swali gumu lilikuwa "Una miaka mingapi?" Mtu atakuonyesha jipu lililoota mahali ambapo hata mkewe hajawahi kupaona. Atakusimulia habari za choo chake mpaka wewe mwenyewe umwombe apumzike. Lakini ukimwuliza umri, anaangalia dirishani.

Wanawake wanapunguza, hiyo mnaijua. Wanaume nao msifikiri ni malaika. Wakipata mke mpya wanapunguza, wakienda barazani kwa wazee wanaongeza. Nilikuwa na mgonjwa mmoja wa Kibwezi aliyezeeka miaka kumi kati ya Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu Jumatatu alisindikizwa na mke wa pili na Alhamisi akasindikizwa na chifu. Mimi niliandika tu kama alivyosema.

Kijijini kwetu, karibu na Mukuyuni, watu waliniita Daktari na mpaka leo wananiita Daktari Kyalo. Sikuwa daktari hata siku moja. Nilikuwa mtu wa maabara, mtu wa vikopo na darubini. Niliwaeleza mpaka nikachoka, nikaacha. Kwa hiyo mkisikia mtu ananiita hivyo, mjue ni heshima tu, hakuna cheti nyuma yake.

Nataka kuwaambia habari ya dripu ya ujana, kwa sababu naona hata nyinyi mmeanza kuitamani, na wengine wenu ndevu bado hazijajaa kidevu. Lakini siwezi kuanzia hapo. Lazima nianze na aibu yangu mwenyewe, ndipo mtaelewa kwa nini niliogopa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nzioka, mkuu wa maabara ya hospitali nilikoajiriwa, mtu mfupi ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza nilikuwa napiga mkono wa mama mmoja makofi ili mshipa uonekane. Mzee akasimama nyuma yangu akauliza, "Kyalo, huo mshipa umekukosea nini?" Akanionyesha. Teremsha mkono wa mgonjwa, uache uning'inie kidogo. Kama ni asubuhi ya baridi, mpe kitambaa cha maji moto akikumbatie. Halafu mwulize habari za mbuzi wake. "Mtu akianza kueleza mbuzi wake," alisema, "mishipa inakuja yenyewe kusikiliza." Nimejaribu hiyo miaka yote, na ni kweli, isipokuwa mwaka wa ukame, hapo usiulize mbuzi.

Zamani hizo hatukuandika umri. Kwenye fomu tuliandika MM, yaani mtu mzima, tukaendelea na kazi. Kisha ikaletwa mashine mpya, na hiyo mashine haikutaka kusikia MM. Ilitaka miaka. Usipoipa miaka inakwama na kulia kama kifaranga. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, wazee hawakumbuki walizaliwa lini, na mimi nikaona nimepata akili. Kila mtu nikampa miaka arobaini. Siku tatu nzima, Makueni yote ilikuwa na miaka arobaini.

Sasa sikieni, maana mambo yote ninayowaeleza leo yanasimama hapa. Kipimo cha figo hakiangalii damu peke yake. Damu inaonyesha uchafu uliobaki, ule ambao figo zilipaswa kuutoa. Halafu mashine inachukua umri wako na kukadiria figo zina nguvu kiasi gani. Damu ileile, ukiipa umri wa kijana inasema figo ziko sawa, ukiipa umri wa mzee inasema chunga.

Mzee mmoja wa hapohapo Mukuyuni alipimwa katika siku hizo tatu. Kwa ile miaka arobaini niliyompa, figo zake zilitoka safi. Daktari akamwandikia sindano kali kulingana na karatasi yangu. Siku ya tatu akarudishwa kwa toroli, uso umevimba, mkojo umekauka. Karatasi ikafuatwa nyuma mpaka ikanifikia mimi.

Mzee Nzioka hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alinipa jagi la plastiki lenye mistari akaniambia nikakae kando ya kitanda cha yule mzee, nipime kila tone la mkojo mpaka daktari aseme basi. Nilikaa naye siku tano. Siku ya pili alifungua jicho moja akamwuliza nesi, "Huyu ndiye alinifanya kijana?" Nesi akasema ndiye. Mzee akanigeukia. "Ulinipa miaka arobaini," akasema. "Si ungeniuliza kwanza kama naitaka? Arobaini yangu ilikuwa mbaya sana."

Alipona. Nilifurahia mkojo wa mtu yule kuliko nilivyofurahia mshahara wa kwanza, na niliapa pale kwamba sitaandika tena umri wa uongo kwa mkono wangu. Wekeni kiapo hicho mahali, kwa sababu nilikivunja mara nyingi bila kujua.

Basi miaka ikaenda, na vidonge vya urembo vikaanza kuingia. Mimi nilivijua kwa rangi kabla ya kuvijua kwa jina. Asubuhi moja nikaletewa kikopo cha mkojo wa njano unaong'aa, njano ya ajabu, nikafikiri mtu amenifanyia mzaha akatia soda. Nikaita wenzangu waje waone. Kumbe ni mwalimu mmoja wa kike alikuwa anameza vitamini za aina nne, na mwili ulichukua kidogo ulichokuwa unahitaji, nyingine zote ukazituma kwangu. Kwa miaka iliyofuata nilipokea mikojo ya namna ile mpaka nikaizoea. Vitamini nyingi za Ukambani zilipita mbele ya macho yangu zikielekea chooni.

Lakini msicheke sana, kwa sababu vingine havipiti kimya. Kulikuwa na msichana wa benki, mrembo, kucha ndefu hizi, alipimwa tezi ya shingo. Majibu yakasema tezi inakimbia kama gari lisilo na breki. Mimi namtazama: amekaa ametulia, hajakonda, hatoki jasho, mapigo ya moyo kama saa. Nikarudia kipimo. Yaleyale. Nikailaumu mashine, nikaisafisha, nikarudia. Yaleyale. Daktari alikuwa tayari ameshika kalamu kumwandikia dawa za kuituliza tezi. Nikaenda kumwuliza yule binti, "Unatumia dawa yoyote?" Akasema hapana. Nikauliza tena nje kwenye benchi, kwa sauti ya baba, "Na hizi nywele zako nzuri hivi, unazilisha nini?" Akatabasamu, akafungua mkoba. Vidonge vya nywele na kucha, vikubwa kama maharagwe. Vitamini iliyomo ndani ndiyo ilikuwa inaidanganya mashine yangu. Tulimwambia aviache siku kadhaa, akarudi, tezi yake ikatoka nzima kabisa.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena, "Unatumia dawa?" Watu hawahesabu vitu hivi kuwa dawa. Nilikuwa nauliza, "Na vya nywele? Na vya magoti? Na ile poda unakoroga kwa chai?" Hapo ndipo mkoba unafunguka. Shikeni hiyo, itawasaidia kuliko cheti chenu. Na mkimpima sukari kwa kidole mtu aliyetoka kuwekewa dripu kubwa ya vitamini C, msiamini haraka kile kimashine kidogo kikisema sukari imepanda. Nacho kinadanganyika.

Sasa msiende kusema Daktari Kyalo anachukia vitamini. Hapana. Nimeona akina mama waliotoka kujifungua, damu nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, wakapewa madini ya chuma, na baada ya wiki chache wanarudi wakiimba kwenye foleni. Nimeona mzee asiyesikia nyayo zake akichomwa sindano za vitamini mpaka akalalamika kwamba viatu vinambana. Na dripu? Nimeona mtoto aliyeharisha mpaka macho yakazama, akatundikiwa maji asubuhi, na saa sita akawa anapigania ndizi. Nililia siku hiyo, siwafichi. Hao wote walikuwa wamepungukiwa na kitu, wakarudishiwa. Shida inaanza pale mtu ambaye hakupungukiwa anapoongezewa, na huko ndani kuna figo mbili zinazotakiwa kusafisha sherehe yote.

Haya. Mke wangu anaitwa Kamene, lakini tangu tupate kifungua mimba tunaitana Mama Ndinda na Baba Ndinda. Ni fundi wa nguo hodari, mcheshi, na ana ulimi. Presha anayo miaka mingi. Mwaka juzi Ndinda alituambia kwamba watu wa mchumba wake wanataka kuja kwa ntheo. Kwetu Ukambani hiyo ndiyo siku ambayo upande wa mume unaleta mbuzi kwa wazazi wa msichana, na bila hao mbuzi hata mfunge harusi kanisani na keki ya ghorofa tano, wazee wanasema bado. Nyumba nzima ikafurahi. Mama Ndinda akafurahi siku mbili, ya tatu akasimama mbele ya kioo na hakutoka.

"Baba Ndinda," akasema, "kabla ya hao watu kuja, nataka kwenda kwa Mwende anitundikie ile dripu ya ujana."

Mwende ni nesi wa kutoka huku kwetu, aliyefungua kliniki ya urembo pale mjini Wote, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shamba. Watu wanapanda ngazi wana makunyanzi, wanaketi kwenye viti vya kulala, wanatundikiwa chupa ya maji yenye vitamini C nyingi na dawa nyingine za kung'arisha ngozi, wanapiga picha, wanashuka.

Mimi nilicheka. Kosa la kwanza. "Mama Ndinda," nikasema, "hiyo chupa yote utaikojoa kabla hatujafika Mukuyuni."

"Nitakojoa nikiwa mrembo," akajibu.

Nikamkumbusha presha yake. Akaniambia mimi nimezoea kuona watu kupitia mikojo. Nikamwambia yeye ni mrembo vilevile alivyo. Hapo akakasirika kabisa. "Wewe unaweza sema hivyo," akasema, "kwa sababu wewe huzeeki. Tukienda kanisani watu wanafikiri wewe ni kaka yangu mdogo. Woi, huoni hata aibu!" Akatoka nje akaanza kupiga kuku mawe. Nikashangaa maana mimi nilikuwa na miaka sitini na tatu na kipara, na yeye kwa kitambulisho chake ni mdogo wangu kwa miaka mitatu. Huo uchungu ulitoka wapi? Sikuelewa.

Nikampigia Mwende simu nikiwa nimejiandaa kugombana. Hakunipa nafasi. "Daktari, hata mimi simwekei mtu bila kipimo cha figo," akasema. "Kuna mstari. Akiwa juu ya mstari, namweka, tena chupa ndogo na polepole. Akiwa chini, anaenda nyumbani hata kama ni mama yangu." Nikamheshimu. Niwaambie ukweli, wapo wengine ambao hawaulizi kitu, wanatafuta tu mshipa. Ukipanda ngazi za mtu wa namna hiyo, geuka ushuke.

Mama Ndinda akapimwa. Fomu niliijaza mimi, kama nilivyozijaza zote tangu tuoane: jina, kijiji, miaka sitini. Majibu yakaja: pointi mbili juu ya mstari. Alicheza jikoni na sufuria mkononi. Mimi nilijaribu kufurahi. Pointi mbili kwa mtu wa presha hazikunipendeza, lakini mstari ni mstari, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba akiuvuka sitampinga. Siku ikapangwa, Ijumaa saa nne.

Alhamisi mchana tulikuwa tumekaa uani tunachagua pojo, tunatoa mawe. Ikapita ndege ndogo, chini chini, ikielekea upande wa Kibwezi. Mama Ndinda akainua kichwa akaifuata kwa macho, akaanza kucheka peke yake.

"Kila nikiona hizi," akasema, "nakumbuka vile tulikimbia siku ile magunia yalianguka. Mimi niliingia chini ya kitanda cha nyanya. Gunia moja lilipasukia kwa boma letu, unga wa njano kila mahali, mpaka mbuzi wakawa wa njano. Mama alitukataza tusiule, akisema ni sumu ya wazungu. Tukaulamba kwa mbuzi."

Nikacheka sana. Picha ya mbuzi wa njano! Nikaendelea kuchagua pojo. Nikatoa jiwe moja, la pili. La tatu sikulitoa.

Labda nyinyi hamjui. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa. Kila njaa ina jina, na hiyo ya magunia kutoka angani wanaiita Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Naijua vizuri sana, kwa sababu mama yangu alinieleza mara mia: mimi nilizaliwa ndani ya njaa hiyo. Alikuwa amenifunga mgongoni, mchanga, siku alipokwenda kupanga foleni ya unga. Na huyu hapa mke wangu, mdogo wangu kwa miaka mitatu, anakumbuka kukimbia kwa miguu yake, anakumbuka kitanda cha nyanya, anakumbuka ladha ya unga kwenye manyoya ya mbuzi. Mtoto wa kukumbuka hayo yote ana miaka minne au zaidi.

Nikahesabu kimya. Mke wangu alikuwa na miaka sitini na saba, si chini ya hapo.

Miaka thelathini na mitano ya ndoa, jamani! Mimi niliyeapa kando ya jagi la mkojo! Kila mwaka nimeandika umri wa uongo kwa mkono wangu, kwa mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Nikaingia ndani nikachukua karatasi ya majibu, nikakaa na kalamu. Hesabu ile naijua kichwani. Damu ileile, miaka sitini na saba badala ya sitini. Ikatoka pointi moja chini ya mstari.

Mtasema, pointi tatu tu, Daktari? Figo si zilezile? Ndiyo, figo ni zilezile. Karatasi ndiyo iliyokuwa inazipamba. Nikatoa karatasi zake za miaka ya nyuma kutoka sandukuni, nikazisahihisha moja moja, nikaona zinavyoteremka kila mwaka, na kila mwaka umri wa uongo ulizipandisha kidogo tu ili mtu asishtuke. Nilimpenda sana mtu huyu na nilitaka kumtikisa.

Lakini ningemwambiaje? Mwanamke ameficha kitu miaka yote hiyo, wewe umkamate kwa sababu ya ndege? Nikarudi uani. Nikasema kama mtu anayezungumza na pojo, "Mama Ndinda, unajua hicho kipimo cha figo kinasoma umri? Mtu akikipa umri mwingine, nacho kinampa figo nyingine."

Aliendelea kutoa mawe. Baadaye niliona ametoa na pojo nzuri pia.

Ijumaa akavaa gauni lake la buluu, tukaenda mjini Wote. Nilikuwa nimeamua: akinyamaza, nitasema mimi, na anichukie akiwa hai. Tukapanda ngazi. Mwende akamketisha kwenye kiti cha kulala, chupa imeshatundikwa, mpira wa kufungia mkono uko tayari. Akachukua fomu, kwa sababu yeye husoma tena kila kitu kabla ya kuchoma, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo.

"Mama, jina ni Kamene. Presha, ndiyo. Miaka sitini?"

Nikafungua mdomo. Mama Ndinda akaniinulia kidole ninyamaze.

"Andika sitini na saba," akasema.

Mwende akacheka, akifikiri ni utani. Akanitazama mimi, akaacha kucheka.

"Niliacha shule nilee wadogo zangu," Mama Ndinda akasema, akitazama ile chupa, si sisi. "Nikirudi nilikuwa msichana mkubwa, nina matiti, nakaa na watoto. Baba akaniandikisha kwa miaka ya mdogo wangu ndio wanichukue. Kitambulisho kikafuata shule. Halafu huyu akakuja kunioa, akaniuliza miaka, nikamwonyesha kitambulisho. Nilikuwa nimempenda. Angejua nimemzidi minne, mama yake angekubali?"

Kwa kweli mama yangu asingekubali. Nilimjua.

"Sasa kila siku naona uso wangu unamwambia kitu mimi sijamwambia," akamaliza. "Ndio nilitaka maji yako, Mwende. Sikutaka kuwa msichana. Nilitaka tu kuwa sitini."

Mwende alikwenda kwenye kompyuta, akaweka sitini na saba, akasoma, akarudi akaishusha ile chupa. "Mama, hapa kwangu umekosa," akasema kwa upole. "Uende hospitali Jumatatu, na ubebe kila kitu unachomeza. Kila kitu."

Nimalize kabisa habari ya figo, maana najua mtauliza. Tulikwenda. Kwenye mkoba wa Mama Ndinda daktari alikuta vidonge vya kutuliza magoti ambavyo alikuwa anameza kila siku na hakuwahi kunitajia. Miaka yote nawauliza wanawake wa watu, "Na vya magoti?", wangu sikumwuliza. Hivyo ndivyo vilikuwa vinazila figo, vikisaidiwa na presha. Daktari alivifuta, akabadilisha dawa za presha, akasema kama chupa ile ingeingia juu ya hayo yote, huenda tungezungumza mambo mengine. Mwaka juzi huo. Namba imesimama, haishuki tena. Ntheo ilifanyika, mbuzi walikuja, na Mama Ndinda aliketi mbele na makunyanzi yake yote akiwashinda wageni kwa maneno.

Lakini nawarudisha pale kwenye kliniki. Mwende alitoka akatuacha. Mama Ndinda alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha kulala, mkono wa gauni umekunjwa, mshipa uko nje unangoja sindano isiyokuja.

"Ulijua," akasema.

"Tangu jana. Mbuzi wa njano."

Akafunika uso. Nikafikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, mabega yote yanatikisika. "Mdomo wangu huu! Na sasa utafanya nini, Baba Ndinda? Umeoa mtu mzee."

Nilitaka kusema kitu kikubwa, kitu cha kustahili siku ile. Hakikuja. Nikamshushia mkono wa gauni, nikamfunga kifungo, na nikamwambia ukweli ulionijia: kwamba nimekuwa mkubwa nyumbani kwangu miaka thelathini na mitano, nimechoka, na ningefurahi sana mtu mwingine ashike ukubwa huo.

Akashuka kwenye kiti, akanyoosha gauni lake la buluu, akachukua mkoba wake mzito wenye miwani, Biblia na dawa zote zile, akanitupia kifuani.

"Basi beba hiyo mfuko, kijana," akasema, "na ushuke polepole, hizi ngazi zinateleza."

Nikaubeba, nikashuka nyuma yake.